Mzigo Tunaobeba Pamoja na Furushi la Kila Mtu

Somo: Wagalatia 6:1–5, Luka 10:30–35



Kuna mistari miwili katika Wagalatia sura ya 6 ambayo ukiisoma haraka utadhani inapigana. Mstari wa 2, Paulo anatuambia tubebeane mizigo, na kwamba tukifanya hivyo tunaitimiza sheria ya Kristo. Kabla hatujamaliza kusema amina, tunafika mstari wa 5, na hapo anasema kila mtu atabeba wa kwake. Sasa ni upi? Tubebeane, ama kila mtu ajibebee?

Wale bado wanatumia ile Biblia yetu ya zamani, Union Version, wataona kwamba watafsiri hawakurudia neno moja. Mstari wa 2 wameandika mizigo. Mstari wa 5 wameandika furushi. Na walifanya vizuri, kwa sababu hata katika Kiyunani Paulo ametumia maneno mawili. La kwanza ni baros, yaani uzito unaomlemea mtu. La pili ni phortion, yaani kile mtu amewekewa abebe yeye mwenyewe. Mzigo ni gunia la mahindi ambalo peke yako huliinui. Furushi ni lile unalofunga nguo zako na kuweka begani ukienda safari.

Swali langu wiki hii ni hili: tukibeba mzigo pamoja, furushi langu ni lipi? Nikisema "tutamsaidia huyu ndugu", ama "kanisa litasimama na yeye", mimi mwenyewe nimeahidi kufanya nini, na lini? Linaonekana swali dogo la kujadiliwa baada ya ibada tukinywa chai. Lakini mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na nimejifunza darasani kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu swali hilo halikujibiwa mapema.

Watu sita na mama wa plastiki

Mwalimu wetu wa ukunga alitupa zoezi la kufanya kazi kwa kikundi. Tuna mwanasesere wa plastiki wa ukubwa wa mtu mzima, na ndani yake kuna mpira unaopitisha maji mekundu. Hadithi ilikuwa kwamba mama huyu amejifungua dakika kumi zilizopita, mtoto yuko salama, kondo limetoka, lakini damu haikatiki. Wanafunzi sita waliitwa mbele wamhudumie. Mimi sikuwa kati ya hao sita. Nilipewa karatasi, kalamu na saa, nikaambiwa nikae pembeni, niandike kila kinachofanyika na dakika yake, na nisiseme neno lolote mpaka mwisho.

Mwalimu hakuwagawia kazi. Alisema tu, "Mnajua yote. Anzeni."

Na kweli walijua yote. Wote sita walikuwa wamepita mtihani wa karatasi. Walijua kwamba mfuko wa uzazi ukilegea lazima ukandwe mpaka ukaze. Walijua dawa ya oksitosini na kipimo chake. Walijua kuweka maji ya mshipa. Walijua kwamba damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, hiyo ni hatari na unaita usaidizi. Hakuna mmoja ungeweza kusema ni mvivu ama hajali.

Wacha niwaambie karatasi yangu ilisema nini. Dakika ya kwanza, wawili walianza kukanda tumbo pamoja, mikono yao ikigongana. Wa tatu alikimbilia vifaa vya dripu. Wa nne alimshika mama mkono akaanza kumfariji kwa sauti nzuri sana. Dakika ya pili mmoja aliita, "Mtu alete oksitosini!" Dakika ya tatu mwingine akasema, "Mtu aite daktari!" Vichwa vilitikisika, wote wamesikia. Wa sita, dada mpole ambaye darasani haongei sana, alikuwa amesimama karibu na ile shiti ya plastiki yenye mfuko wa kukinga damu, mfuko ambao umechorwa alama za kupimia. Nilimwona akiinama, akaangalia alama, akafungua mdomo, halafu akaufunga.

Dakika ya sita mwalimu akasema simameni. Sindano ya oksitosini ilikuwa bado kwenye trei. Simu ilikuwa bado ukutani, hakuna aliyeigusa. Maji mekundu yalikuwa yamepita alama ya 500.

Mwalimu akauliza, "Nani alimpa mama dawa?" Wakaangaliana. "Nani aliita daktari?" Wakaangaliana tena. Jibu lilikuwa moja kwa wote: nilidhani fulani ameenda. Hakuwagombeza. Alisema tu kwamba mama huyu amevuja damu akiwa mikononi mwa watu sita wanaompenda.

Kosa lisilo na mwenyewe

Nilirudi nyumbani na hiyo karatasi, na nilisumbuka nayo siku kadhaa. Sisi watu wa kanisa tumezoea kwamba kosa lina mwenyewe. Akani alificha vitu hemani kwake. Gehazi alimkimbilia Naamani. Anania alizuia sehemu ya pesa ya shamba. Unatafuta mtu, unampata, anatubu ama anahukumiwa, mambo yanaendelea. Lakini hapa nilisoma karatasi yangu mstari kwa mstari nikitafuta mwenye kosa na sikumpata. Aliyemshika mama mkono alifanya jambo jema. Aliyekimbilia dripu alifanya jambo jema. Hata aliyesema "mtu aite daktari" alisema ukweli. Ukiwachukua mmoja mmoja, wote ni wema. Ukiwaweka pamoja, mama amekufa.

Basi, je, ubaya unaweza kutokea mahali ambapo hakuna aliyetenda ubaya? Nafikiri jibu ni ndiyo, na nafikiri ndiyo sababu Yakobo 4:17 inahesabu kuwa dhambi kule kujua jema na kutolitenda. Lakini hata Yakobo anazungumza na mtu anayejua kwamba hilo jema ni lake kulitenda. Hapo ndipo penye ugumu. Wale wenzangu walijua dawa inatakiwa. Kitu ambacho hakuna aliyejua ni kwamba inatakiwa kutoka mkononi mwake.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ni methali nzuri, na mara nyingi ni kweli. Lakini ina upande mwingine. Mwaka 1968 wasomi wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kimoja New York. Kila mwanafunzi aliwekwa chumba chake peke yake, akiongea na wengine kwa kipaza sauti. Katikati ya mazungumzo wakasikia mmoja wao akishikwa na kifafa na kuomba msaada. Wale walioamini kwamba ni wao peke yao wamesikia, 85 katika kila 100 walitoka kwenda kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Wale walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni 31 tu katika kila 100 waliotoka.

Na msifikiri hao waliobaki chumbani walikuwa na roho ya jiwe. Watafiti walipowaendea waliwakuta wengi wanatetemeka mikono na viganja vina jasho. Walikuwa na huruma yote. Huruma yao ilikuwa imekaa ikingoja ya mwingine itangulie.

Tuseme ukweli, wapendwa. Je, hilo si kanisa siku nyingine?

Raundi ya pili

Turudi darasani kidogo, kwa sababu mwalimu alirudia zoezi na watu walewale sita. Hakuongeza somo lolote la dawa wala la damu. Alibadilisha mambo mawili peke yake. Kwanza, kabla ya kuanza kila mmoja alitaja jina lake mbele ya wengine na kazi yake moja: mimi nitakanda, mimi nitatoa dawa, mimi nitaweka maji ya mshipa, mimi nitapima damu na kusema, mimi nitapiga simu na kuandika saa, mimi nitaongoza. Pili, neno "mtu" lilipigwa marufuku. Huwezi kusema "mtu alete". Unataja jina, na huyo aliyetajwa anarudia alichosikia, halafu akimaliza anasema nimemaliza.

Karatasi yangu ya raundi hiyo ilikuwa fupi. Dawa ilitolewa kabla ya dakika mbili kuisha. Daktari aliitwa dakika ya pili. Lakini kilichonigusa zaidi ni yule dada mpole. Alikuwa amepewa kupima damu. Sauti yake ilitoka wazi kabisa: mia mbili, mia tatu, mia tano! Chumba kizima kilimsikia. Ni dada yuleyule na macho yaleyale. Raundi ya kwanza aliona pia, lakini alihesabu kwamba kuna wakubwa hapa, lazima wameona. Raundi ya pili kuona kulikuwa kazi yake, na kazi hiyo ilimpa ruhusa ya kuongea.

Jambo hili si la darasani peke yake. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuhusisha akina mama zaidi ya 200,000. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, wahudumu walitambua kama nusu tu ya akina mama waliokuwa wanatokwa na damu ya hatari. Hebu fikiria. Damu iko hapo, watu wako hapo, na nusu ya hao akina mama hawakutambuliwa. Katika hospitali ambazo damu ilikingwa na kupimwa kwa ule mfuko wenye alama, na matibabu yote kutolewa kwa pamoja kama furushi moja, walitambuliwa 93 katika kila 100. Akina mama waliovuja damu kupindukia, ama kupasuliwa kwa ajili yake, ama kufa kwa sababu yake, walipungua kutoka 43 hivi hadi 16 katika kila 1,000.

Tena kuna ile orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ina mambo 19. Moja wapo ni kwamba kabla kisu hakijagusa ngozi, kila mtu ndani ya chumba anataja jina lake na kazi yake, kuanzia daktari mkubwa hadi muuguzi mdogo. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa Ifakara, hapo jirani Tanzania. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000. Kutaja majina peke yake hakukuleta hayo yote, mengine 18 yalikuwemo. Lakini waliotunga orodha waliona kwamba jina ni dawa pia, wakaliweka humo.

Jina kabla na jina baada

Najua kuna mtu ambaye hapa tayari ana neno. Atasema, dada, hii mambo ya kutaja majina ni kutafuta wa kulaumiwa. Na ana haki, kwa sababu tumeyaona. Wodini jambo likiharibika, mara moja swali linakuwa nani alikuwa zamu. Hata kanisani, mkutano ukiharibika, tunataka jina la mtu. Ndiyo maana wengi wanapenda kujificha ndani ya "sisi". Ndani ya "sisi" hakuna mtu atakunyooshea kidole.

Lakini angalieni tofauti. Kuna jina linalotajwa kabla, na kuna jina linalotajwa baada. Jina likitajwa baada ya mambo kuharibika, kazi yake ni kulaumu, na halimsaidii mtu, mama ameshakufa. Jina likitajwa kabla ni msaada kwa watu wawili. Linamsaidia mgonjwa, kwa sababu anajua mkono utatoka wapi. Na linamsaidia mwenye jina, kwa sababu wenzake wanajua amebeba nini, na wakiona amelemewa watajua wa kumkimbilia. Ukimwona mtu na furushi begani unaweza kusema, leta nikushikie kidogo. Kama hakuna ajuaye nani ana nini, hata kusaidiana kunashindikana. Mahali ambapo majina hayatajwi kabla, ndipo yanapotafutwa sana baada.

Mwingine atasema, upendo hauna ratiba ya zamu, na Yesu alitufundisha mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini. Hilo pia ni neno zito. Lakini Yesu hapo alikuwa anawaonya watoao ili waonekane. Kutaja kazi yako ili ifanyike ni tofauti na kutaja kazi yako ili usifiwe. Kumbukeni yule msichana mdogo mtumwa katika nyumba ya Naamani, 2 Wafalme 5. Aliona ugonjwa wa bwana wake, na nyumba ile ilikuwa na wakubwa wengi, lakini alisema kwamba Samaria yuko nabii. Jemadari akapona. Jina la msichana yule halikuandikwa mpaka leo. Aliibeba sehemu yake bila kupata sifa yake.

Maandiko yanapenda orodha

Tangu zoezi lile nimeanza kusoma kwa makini zile sura ambazo zamani nilikuwa naziruka. Chukua Nehemia 3. Ni majina tu, mwanzo mpaka mwisho. Fulani alijenga kutoka hapa hadi pale, na baada yake fulani, na baada yake fulani, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ulikuwa mzigo wa Yerusalemu yote. Kipande mbele ya mlango wako kilikuwa furushi lako. Na wale wakuu wa Tekoa ambao hawakutaka kuinamisha shingo zao kazini wanaonekana wazi katika mstari wa 5, kwa sababu kila kipande kina mwenyewe.

Ama chukua Matendo 6. Kanisa la kwanza lilikuwa limejaa Roho Mtakatifu, watu wanauza mali na kugawiana, hakuna anayeita kitu chake mwenyewe. Bado kukawa na wajane wanaosahauliwa katika chakula cha kila siku. Kanisa lenye moto namna hiyo! Mitume hawakusema tuzidishe upendo, kisha wakafunga ibada. Waliambia watu wachague wanaume saba, na Luka ameandika majina yao, kuanzia Stefano na Filipo. Kuanzia siku hiyo mjane akikosa chakula kuna mlango wa kubisha.

Na katika Kutoka 17, Musa alipochoka mikono Israeli ikipigana na Amaleki, ile mistari miwili ya Wagalatia inasimama pamoja bila kugombana. Mikono ya Musa ilikuwa mzigo, peke yake hangeweza. Haruni alishika upande mmoja na Huri upande mwingine. Hapo hakukuwa na "mtu amshikilie Musa". Kama Haruni angesema Huri yupo, na Huri akasema Haruni yupo, jua lingetua Israeli wameshindwa, na wote wawili wangekuwa wamesimama hapo mlimani wakiwa na nia njema.

Kwa hiyo mimi naisoma hivi Wagalatia 6. Mstari wa 5 hauji kufuta mstari wa 2. Unatuambia jinsi ya kuutenda. Mzigo wa ndugu yako hautabebeka mpaka umekatwa vipande na kila kipande kimepata bega. Tunabebeana mizigo kwa kila mmoja kulichukua furushi lake.

Uji wa mama

Sasa tulete nyumbani. Mama mmoja muumini aliniambia hivi karibuni, na ameniruhusu kusema bila jina lake wala la kanisa lake, kwamba alipojifungua kwa upasuaji mzee wake alikuwa kazini mbali. Kundi la WhatsApp la akina mama lilijaa. Hongera. Tunakuombea. Tuko pamoja. Mungu ni mwema. Alihesabu ujumbe zaidi ya 60 siku ya kwanza. Akaniambia, "Niliombewa na kanisa lote, lakini siku nne hakuna aliyenipikia uji." Hakusema kwa hasira. Alisema anajua kila mmoja alifikiri yule jirani wa karibu ameenda.

Mzigo wa mwenzio, wahenga walisema, kwako ni kanda la usufi. Mzito ni kwake, wewe unauona mwepesi. Na mimi naongeza kwamba ukiwa mikononi mwa watu 60 unaonekana mwepesi zaidi, mpaka unadhani umeshabebwa.

Kama mwanafunzi wa uuguzi najua hizo siku nne ni siku gani. Ni siku ambazo kidonda kinaweza kuingia uchafu, homa inaweza kupanda, damu inaweza kurudi, na mama hana mtu wa kumwangalia usoni na kusema, hapana, wewe leo twende hospitali. Ujumbe 60 wa simu hauwezi kuona kwamba midomo yake imekuwa mieupe. Jicho moja mlangoni lingeona.

Sisemi tusiombe. Mimi mwenyewe niko hai kwa maombi ya watu. Nasema kwamba amina ya pamoja haijamaliza kazi mpaka mmoja ameinuka na kusema, "Mimi nitaenda kesho saa nne na uji", na mwingine akasema, "Jumatano ni yangu."

Msamaria alivyokabidhi

Labda unaogopa. Unasema, nikitaja jina langu nitabebeshwa yote. Nina watoto, nina biashara, nitamhudumia mgonjwa mpaka lini? Hapo mwangalieni yule Msamaria katika Luka 10, kwa macho ya mtu anayefanya kazi wodini.

Alisimama, akafunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza. Kesho yake aliondoka. Ndiyo, aliondoka. Alikuwa na safari yake, na Yesu hamlaumu kwa kuondoka. Lakini tazama alivyoondoka. Hakupaza sauti barabarani kwamba mtu amwangalie huyu. Alimwendea mwenye nyumba, mtu mmoja anayejulikana, akampa dinari mbili mkononi, akamwambia amtunze, na akasema gharama ikizidi atailipa akirudi. Huko wodini tunaita hiyo kukabidhi zamu. Umesema mgonjwa ni nani, anahitaji nini, nani anampokea, na wewe utaonekana tena lini. Sijaona zamu iliyokabidhiwa vizuri kuliko hiyo.

Furushi lako lina mwanzo na lina mwisho. Bwana hakukuita ubebe gunia lote peke yako. Lakini kipande chako ukiwa huwezi tena, usikiache kwenye njia ukitumaini atapita mtu. Kiweke mkononi mwa mtu, mwangalie akikipokea, mwambie utarudi lini.

Kwa hiyo wiki hii, katika ushirika wa nyumbani, katika kwaya, katika kamati ya mazishi na ya harusi, naomba tujaribu jambo moja. Mtu akisema "tutamtembelea" ama "mtu ampigie simu", mmoja wetu aulize kwa upole: nani, na siku gani? Msifunge kwa maombi kabla swali hilo halijajibiwa kwa jina. Viongozi, wapeni kazi wale wapole wasiopenda kuongea, kwa sababu huenda wao ndio wameona damu ikifika mia tano na wanangoja ruhusa. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, kuna jina la mgonjwa ama mjane ama kijana limekujia ukisoma. Usilipeleke kwa kundi kwanza. Mwulize Bwana ni kipande gani cha mzigo huo ambacho ni furushi lako, halafu uende.

Tuombe. Baba, asante kwa sababu Mwanao hakusema mtu aende, alikuja mwenyewe. Utuonyeshe furushi la kila mmoja wetu, utupe nguvu ya kulibeba, na unyenyekevu wa kumkabidhi mwenzetu tunapochoka. Akina mama wanaojifungua usiku huu uwape mikono inayojua kazi yake. Katika jina la Yesu. Amina.